Nyumba Isiyo na Komeo

Mlango wa bafu ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Kwenu hilo si habari. Kwangu, wapendwa, ni tanzia.

Nyumba yetu haina komeo hata moja. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, mageti ya mtaa mzima kayatengeneza yeye, na mwaka jana alipita chumba kwa chumba na bisibisi akang'oa makomeo yote. Vyumbani, chooni, bafuni. Alifanya hivyo ili binti yetu asije akajifungia tena.

Sasa nasukuma mlango wa bafu, haufunguki...

Nilidondosha mfuko wa vitambaa palepale. Nikamwita mwanangu. Nikasikia maji yanamwagika. Nikautia mlango bega, mimi na mwili wangu huu wa kupeperushwa na feni, ukasogea kidogo ukagota kwenye kitu kizito.

"Ni mimi," sauti ikajibu.

Ya mume wangu.

Nikakaa chini palepale. Nikamshukuru Mungu. Ila shukrani yenyewe sikuimaliza, maana nilimsikia ananong'ona. Alikuwa kwenye simu.

"Usikate," alisema. "Hapana, hajui. Asijue kabisa, akijua ataanguka... Ngoja, amesharudi."

Jamani.

Alitoka uso umelowa, kola imelowa, ameshika lile sanduku la vifaa alilokuwa ameliegemeza mlangoni. Nikamuuliza alikuwa anafanya nini. Akasema ananawa, joto limezidi. Simu akaitia mfukoni haraka kama mwizi wa kuku.

Bado namwangalia, binti yangu naye akaingia kutoka masomo ya jioni, simu mkononi, akatupita wote wawili bila salamu akaenda chumbani kwake.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, la sivyo mtaniona nimechanganyikiwa. Ingawa hata hilo mkiniambia sitabisha.

Binti yangu ana miaka kumi na sita. Tunamwita Tiara, kama ile ya karatasi inayorushwa kwa uzi, tangu mdogo. Akifurahi anapanda juu kwelikweli, anacheka mpaka anajishika tumbo. Halafu neno moja tu, tena dogo, la rafiki au la mwalimu, uzi unakatika. Anaanguka chini moja kwa moja, na hakuna anayejua ataangukia wapi. Mimi nilidhani ni ujana. Sote tulipitia, si ndiyo?

Mimi ni fundi cherehani. Siku moja mwaka jana alinijia na sare yake ya shule, akaniomba nirefushe mikono. Darasani kuna baridi, alisema. Nilifurahi, sitaki kuwadanganya. Nikajisemea nimezaa mtoto mwenye staha. Nikatafuta kitambaa cha rangi ileile, nikaunga, nikapiga pindo safi usingeona kiungo.

Haikupita muda nikaitwa shuleni. Mwalimu wa kike akafunga mlango, akaniambia taratibu kwamba mwanangu anajiumiza. Mikononi. Kwa makusudi, moyo unapomzidia.

Na ile mikono mirefu niliyoishona kwa furaha ndiyo iliyokuwa inamsitiri.

Sikulia pale. Nililia kwenye ngazi, watoto wa watu wananipita na madaftari yao.

Tangu hapo nyumba yangu ikageuka. Visu vyote vikahamia karakana kwa mume wangu, vikafungiwa. Mkasi wangu unalala dukani ninakoshonea, na sindano, na wembe wa kufumulia. Nikitaka kukata kitunguu naenda kwa jirani. Jirani mwenyewe tunamwita Redio, maana hana habari asiyoitangaza, na alishautangazia mtaa kwamba hali yetu mbaya, tumeuza hadi visu. Nilimwacha atangaze. Ukweli ulikuwa mzito kuliko uongo wake.

Hospitali ndiyo iliyotupeleka kwa Mshauri.

Ni mama wa makamo, ana sauti ya chini, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Darasa lake liko ghorofani juu ya duka la dawa: viti vya plastiki vimepangwa duara, feni inalalamika, na kila Jumamosi asubuhi watoto wanakaa pamoja na wazazi wao. Mimi nilijua nampeleka mtoto akatibiwe. Kumbe na mimi nimeandikishwa!

Alitufundisha kwamba dhoruba ya moyo ina kilele. Inapanda, inapanda, unadhani itakuua, ikifika juu inashuka yenyewe. Kazi ni kuvuka bila kujidhuru. Akatuonyesha beseni la maji baridi: unainama, unazamisha uso, unabana pumzi kidogo. Mwili unatulia, akili inapata upenyo. Watoto walicheka. Baba mmoja mwenye kitambi akajaribu, akatoka na maji puani, tukacheka wote, na mwanangu akacheka, na mimi nikaona labda tutapona.

Akawapa watoto namba yake ya simu. Sharti lake moja: mnipigie kabla, si baada. Mtoto akishajiumiza atatibiwa jeraha, maisha yakiwa hatarini ni hospitali moja kwa moja, lakini yeye hatampokea kwa mazungumzo mpaka siku nzima ipite.

Nilimchukia siku ile. Mshauri gani huyo anamzimia simu mtoto aliyeumia? Akanieleza bila hasira kwamba hataki sauti yake iwe zawadi ya jeraha. Anataka mtoto ajue kwamba mlango uko wazi kabla.

Nikaelewa kichwani. Moyoni hapana.

Halafu likaja somo la wazazi, na hapo ndipo niliposhindwa kabisa. Mtoto akikwambia inauma, usikimbilie dawa, usianze mawaidha, usimwambie wenzako wana shida kubwa kuliko zako. Mwambie unaona kwamba inauma. Kisha kaa naye.

Kaa tu!

Mimi ni fundi, jamani. Kila kilichochanika maishani mwangu nimekishona. Leo aliyechanika ni mwanangu, naambiwa niweke sindano chini.

Baba yake alikuja mara moja. Alikaa amekunja mikono, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo hadi kwenye viganja, joto lote lile, jasho linamtiririka. Kabla ya mapumziko akaondoka. Nilipofika nyumbani akasema hawezi kufundishwa kuongea na mtoto wake wa kumzaa. Tukagombana. Nikamwambia yeye ni jiwe. Akanyamaza, jambo ambalo lilizidi kunithibitishia.

Sasa Jumamosi moja Mshauri akawapa watoto kazi ya nyumbani: kila mmoja amfundishe stadi ya maji mtu mmoja wa karibu yake. Nilirudi nyumbani nikaosha beseni. Nikasubiri. Jumatatu, Jumanne, nakaa sebuleni kama mwali anayesubiri wageni. Mwisho nikamuuliza.

"Nilishamfundisha mtu," akasema.

Nikauliza nani. Akajibu mtu tu. Niliumia. Mama mzazi, ndani ya nyumba moja, na si mimi.

Ni wiki hizohizo ndipo mume wangu alipoanza kutoka bafuni uso umelowa.

Baada ya siku ile ya sanduku mlangoni nilifungua macho. Akirudi karakana, kabla ya salamu, bafuni. Nikipaza sauti kidogo kwa Tiara, yeye bafuni. Anarudi maji yanamdondoka kidevuni, mpole wa ajabu. Simu ameiwekea namba ya siri, mtu ambaye miaka yote simu yake ilikuwa inazagaa mezani.

Nilikwenda kukata vitunguu kwa Redio, machozi yakanitoka, naye akajua si ya vitunguu. Nikamwaga yote.

"Shoga," akasema, "mwanaume anayenawa uso kabla ya kukusalimia anafuta midomo ya mtu. Kikulacho ki nguoni mwako."

Basi nikaanza kukagua nguo. Mashati yake yote nimeyashona mimi, nayafua mimi. Nilinusa kola, nikageuza mifuko, nikatafuta unywele. Sikupata kitu zaidi ya harufu ya chuma na matundu madogo ya cheche.

Jumamosi nilibaki nyuma nikamwambia Mshauri kwamba mume wangu ana mchepuko na mimi nimechoka, nataka kuondoka na mwanangu. Hakunikataza. Alisema mambo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja: una haki ya kuumia, na bado hujui umeona nini.

Nikatoka nimenuna. Watu waliosoma nao, hawajui hata kukusaidia kutukana.

Sasa nisikilizeni vizuri, ndiyo siku yenyewe hii.

Alhamisi, mchana. Nimerudi kuchukua nguo ya mteja niliyoisahau. Tiara akaingia kabla ya saa za kutoka shule. Uso wake hauna rangi.

"Wamenipiga picha mikono nikibadilisha nguo," akasema. "Shule nzima wanayo."

Akaingia chumbani. Nikasikia kitanda kinaburutwa, kikagota mlangoni.

Nikasimama pale. Yale maneno ya darasani yote yakanijia kwa mkupuo. Nikasema kupitia mlango, kwa sauti niliyotaka iwe tulivu, kwamba naona anaumia, ina maana kabisa aumie, na mimi nipo.

"Usinisomee somo, mama."

Wapendwa, hakuna kofi lililowahi kuniingia hivyo.

Nikampigia Mshauri. Akaniuliza kama kuna kitu cha hatari mle ndani. Nikamwambia tulishatoa vyote. Akauliza kama anaongea. Nilitega sikio, ndiyo, anaongea na mtu. Akaniambia nisiondoe sikio langu hapo, akinyamaza au nikipata wasiwasi nisukume mlango, niite watu, twende hospitali. Yeye yuko tayari Tiara akimpigia. Lakini sasa hivi nikae.

Nikamuuliza, nikae tu?

"Kaa tu, mama," akasema. "Najua ni ngumu. Hiyo ndiyo kazi."

Nikakaa sakafuni, mgongo ukutani. Nguo ya mteja mapajani. Nilikuwa naisugua pindo kwa kidole gumba, naisugua, mpaka uzi ukaanza kutoka. Sijawahi kujiona sina thamani kama saa ile. Mtoto niliyemtoa tumboni yuko upande wa pili wa ubao, na mimi sina hata neno.

Nikasikia anavyoongea. Simu ameiweka sauti kubwa, na upande wa pili ni mwanaume.

"Dhoruba iko ngapi kwa kumi?" mwanaume akauliza.

"Tisa."

"Beseni lipo?"

"Chini ya kitanda. Maji si ya baridi."

"Weka uso hivyohivyo. Mimi natoka kwa mteja sasa hivi, niko njiani. Usikate. Inapanda, ikifika juu inashuka. Nani aliyeniambia hayo?"

Kisha mwanangu, kwa sauti ya kulia:

"Mimi, baba."

Ilikuwa sauti ya mume wangu!

Lile jiwe. Yule aliyeondoka darasani kabla ya mapumziko. Anamwongoza mtoto hatua kwa hatua, vizuri kuliko mimi ambaye sijakosa Jumamosi hata moja. Na lile neno, usikate, nilikuwa nimeshalisikia, likitoka bafuni.

Nilielewa nusu. Nusu nyingine ikagoma kuingia.

Nikasikia maji. Kimya, nikaweka kiganja mlangoni tayari kusukuma. Kisha pumzi ndefu ya mtu anayeibuka. Maji tena. Pumzi tena. "Nane," akasema. Baadaye sana, "Sita."

Baba yake aliingia anakimbia, aproni ya ngozi bado kifuani, kichwa chote kimelowa maji. Alikuwa amejimwagia maji ya pipa la mteja kabla ya kutoka. Hakuniuliza kitu. Alikaa sakafuni upande wangu, anahema, akamwambia binti yake kupitia mlango kwamba amefika.

Kitanda kikaburutwa. Tiara akatoka, maji yanamtiririka mpaka shingoni. Akakaa katikati yetu.

Nikawatazama. Nyuso mbili, zimelowa namna moja. Kumbe sikuwa na mke mwenza. Nilikuwa na wagonjwa wawili.

Mikono ya shati la baba yake ilikuwa imelowa chapachapa, akaipandisha kuikamua. Alama zile nazijua, jamani, ni mume wangu. Tangu uchumba aliniambia ni cheche za kuchomelea, na mimi kila mwaka namshonea mashati ya mikono mirefu ili moto usimfikie.

"Mwambie, baba," Tiara akasema. "Au nimwambie mimi."

Hakuweza. Basi mwanangu akavuta mkono wa sare yake juu, akaulaza mkono wake kando ya mkono wa baba yake, juu ya paja langu.

"Siku namfundisha beseni alikunja mikono ya shati," akasema. "Cheche hazipangi foleni, mama."

Nikaangalia mkono mmoja. Nikaangalia wa pili. Alama zimejipanga namna moja, za mmoja zimefifia, za mwingine bado.

Baadaye, kidogokidogo, mume wangu alisema. Alianza kujiumiza akiwa na umri wa Tiara. Hakukuwa na wa kumwambia. Alipooa akaacha, akadhani ameshazika. Siku nilipotoka shuleni na habari za mtoto, ile dhoruba ikamrudia, pamoja na hofu kwamba ndiye aliyemrithisha. Darasani alikimbia kwa sababu kila alilosema Mshauri lilikuwa linamhusu yeye. Na bafuni, simu ile, aliyekuwa upande wa pili ni binti yake, anatembea kutoka masomo ya jioni huku anamhesabia baba yake pumzi.

Wapendwa, mchepuko ningejua la kumfanya. Ningemfuata, ningemtukana, Redio angenishikia kanga. Hili nimfuate nani?

Jumamosi alikuja darasani. Alikaa hadi mwisho. Mshauri alimsikiliza, akampa nafasi kwa mwenzake anayetibu watu wazima, akampa na namba ya kupiga. Kisha akamwambia Tiara kwa upole kwamba amefanya jambo kubwa, na kwamba si kazi ya mtoto kumbeba baba.

Nilidhani atafurahi kutuliwa mzigo. Alilia kuliko siku ya picha. Alisema ni kitu pekee alichokuwa anakiweza.

Msidhani nimekuja kutoa ushuhuda wa kupona. Wiki mbili baadaye Tiara aliteleza. Tukampeleka zahanati akafungwa bendeji, na simu ya Mshauri ikanyamaza siku nzima kama alivyotuambia. Siku hiyo tulikaa koridoni watu watatu. Nilijua maneno yote na sikusema hata moja. Tiara aliweka kichwa begani kwangu, akakiacha hapo. Ndicho tu nilichopata.

Jana mume wangu alivua shati la kazi akaniwekea mezani.

"Mama Tiara, punguza mikono," akasema. "Iishie hapa." Akagusa juu ya kiwiko.

Nikainuka kutafuta mkasi. Nikakumbuka nyumba yangu haina mkasi.

Kwa hiyo nimelileta dukani asubuhi hii, na ndipo ninapowaandikia. Shati liko mapajani, chaki nimeshachora. Nimekata vitambaa vya maharusi bila mkono kuyumba. Hili limenishinda. Nikilikata, mtaa wote utaona, na Redio ana betri mpya. Nisipolikata, ni mimi bado nawaficha.

Mnataka funzo? Mtoto akikuomba umrefushie mikono, muulize baridi iko wapi. Na ukishajua iko wapi, usikimbilie sindano. Tafuta wanaojua, halafu kaa naye hata ukiwa huna neno. Mimi sijafika mbali zaidi ya hapo.

Simu imelia sasa hivi. Ujumbe wa Tiara.

"Umeshapunguza ya baba? Nisubiri, nakuja na sare yangu."

Mkasi ninao mkononi. Namsubiri.